Siku moja kwenye majani ya mlimani: kupitia Matamba, kupitia Isyonje, au Kilele cha Mbeya?

Mvua za Desemba zikishakolea hapa Mbeya, swali huwa moja kazini, kanisani na kwenye kundi letu la familia: tuna Jumamosi moja tu, tunataka kukaa mahali pa juu penye majani, maua na ukimya, na jioni tulale nyumbani. Twende wapi? Anayeuliza huwa ameshasikia majina matatu. Kuna Kitulo, uwanda wa juu wenye hifadhi ya taifa ya maua, kwa kupandia Chimala na Matamba, kuna Kitulo hiyohiyo kwa kuzungukia Isyonje, na kuna Kilele cha Mbeya, kile tunachokiona kutoka mjini kila asubuhi. Kote nimekwenda zaidi ya mara moja, masika na kiangazi, na watoto na bila watoto, na safari nyingine nilimchukua mama yangu ambaye magoti yake hayamruhusu kupanda hata ngazi za benki. Haya ninayaandikia aliyekwama katikati ya majina hayo.

Ziwa Ngozi nimeliacha kwa makusudi. Ni pazuri sana, ila ni msitu na ziwa la kreta. Ukitaka majani ya kulalia chali ukitazama mawingu, huko huyapati.

Ninavyopima

Kipimo changu cha kwanza ni saa za majani, yaani saa ambazo mwili wako uko uwandani kweli, ukiondoa za garini, za kununua maji Uyole na za kumsubiri mwenzenu aliyechelewa. Watu huuliza kilomita. Kilomita za milimani hazisemi kitu: tisa za Matamba zinaweza kula muda wa thelathini za lami.

Cha pili ni barabara na tope. Cha tatu ni mwili: magoti, pumzi, umri wa mnaokwenda nao. Cha nne ni ukimya wenyewe, kwa sababu kila sehemu ina ukimya wake. Cha tano ni maua. Cha sita ni fedha na kibali.

Juu ya vyote hivyo kuna mwezi. Nyanda hizi zina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili au Mei, na maua ya Kitulo hufuata mvua hiyo: huanza kujitokeza mwishoni mwa Novemba na hutawala kuanzia Desemba hadi Aprili. Juni hadi Agosti majani yamekauka rangi ya simba, alfajiri kuna sakitu nyeupe, yaani umande ulioganda, anga ni safi na barabara ni ngumu kama saruji. Kwa hiyo maua na tope huja pamoja, na barabara nzuri huja wakati maua hayapo. Hakuna njia kati ya hizi tatu inayokwepa jambo hilo. Kuchagua njia ni kuchagua kiasi cha tope unachoweza kukivumilia ili upate kiasi fulani cha maua.

Kitulo kupitia Chimala na Matamba

*Njia na saa.* Unatoka Mbeya kwa barabara kuu ya Dar es Salaam, unapita Uyole, unashuka Inyala nyuma ya malori yanayonguruma kwa gia ndogo, unapita Igurusi, na baada ya kilomita 78 hivi uko Chimala. Hapo ni joto la Usangu, mashamba ya mpunga na watu waliovaa fulana. Sweta utalivua, lakini usilitupe nyuma ya buti. Unakata kulia na mlima unaanza papo hapo: kilomita tisa hivi za kona zinazojulikana kwa jina la Hamsini na Saba. Watoto huzihesabu kwa sauti, na kila safari hugombana wakifika arobaini na kitu. Piga honi kabla ya kila kona, na ukikutana na lori la viazi linaloshuka limejaa, mpishe, kwa sababu breki zake zimeshafanya kazi kubwa kabla ya kukufikia. Ukifika Matamba hewa ni nyingine kabisa. Kutoka hapo ni kama saa moja zaidi kwa gari hadi uwandani.

Mimi huhesabu saa tatu na nusu kwenda na hizohizo kurudi. Ukiondoka saa kumi na mbili kamili asubuhi, unakanyaga majani saa tatu na nusu, na lazima ugeuze saa tisa alasiri ili Hamsini na Saba uishuke kukiwa na mwanga. Hizo ni saa tano na nusu za majani. Ukiondoka saa mbili, ni tatu na nusu.

*Tope.* Kwa ajabu, hii ndiyo njia ya kuaminika zaidi wakati wa mvua. Kona zinatisha, lakini chini yake kuna mawe, na mawe hayazami. Gari la juu linalovuta magurudumu yote manne ndilo la kuchukua. Kwa wasio na gari, kuna magari ya abiria kutoka Chimala kwenda Matamba, kisha bodaboda. Inawezekana, ila siku inakuwa fupi mno. Bora ulale Matamba.

*Mwili.* Gari linakufikisha juu, kwenye mita 2,600 hivi, na uwanda ni mawimbi ya vilima laini. Mama yangu alishuka garini, akatembea hatua mia mbili kwa fimbo, akakaa kwenye kitenge, akawa yuko katikati ya maua kuliko sisi tuliokwenda mbali. Wenye nguvu wanaweza kukabili Mtorwi, mlima wa mita 2,961, ingawa kwa safari ya siku moja nisingeshauri.

*Ukimya na maua.* Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, na wageni wengi huiita Serengeti ya maua, jina ambalo silipendi sana kwa sababu linamfanya mtu atafute simba. Wanyama wakubwa si shabaha hapa. Hata kipunji, yule nyani aliyejulikana kisayansi mwaka 2005 kutoka misitu ya Rungwe na Livingstone, anaishi msituni, na wewe unakwenda majanini. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka huohuo wa 2005, na inatajwa kuwa ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea. Aina 350 hivi za mimea zimeorodheshwa, na 45 kati yake ni okidi za ardhini.

Naomba nikae kidogo kwenye okidi, kwa kuwa ndizo zinazonirudisha. Ukizitafuta umesimama, huzioni. Unaona tu wekundu na manjano ya maua makubwa. Piga magoti. Safari ya Februari iliyopita niliweka kidevu karibu na ardhi na kumbe mbele yangu kulikuwa na shina moja la kijani, urefu wa kiganja, lenye maua madogo kumi na matatu ya waridi, kila moja na mkia mwembamba uliokunjwa nyuma kama ndoana ya kuvulia dagaa. Umande ulikuwa bado umekaa ndani ya kila ua. Hatua tatu kando yake kulikuwa na shimo la ukubwa wa ngumi, udongo mweusi umemwagwa juu ya majani. Mtu alikuwa amechimba.

Kinachochimbwa ni viazi vya okidi, vinavyopelekwa Zambia kutengenezewa chikanda, chakula kinachopondwa pamoja na karanga na kukatwa vipande kama nyama. Biashara hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya uwanda huu uhitaji ulinzi wa hifadhi. Okidi ya namna hii huwa na viazi viwili chini: kimoja kimenywea, kimeshalisha ua la mwaka huu, na kingine kigumu, ndicho kinachobeba ua la mwakani. Mchimbaji anachukua kile kigumu. Kwa hiyo usichume, usichimbe, na ukiuziwa njiani usinunue. Na uangalie unapotandika kitenge.

Kwa ukimya, siku ya kazi unaweza kukaa saa nzima usisikie sauti ya mtu. Utasikia upepo, na wakati wa mvua utawaona mbayuwayu wa buluu wakikata hewa juu ya majani. Wao huja kuzaliana nyanda hizi, kisha mvua zikiisha hurudi kaskazini upande wa Ziwa Victoria. Ukimwona ndege mkubwa anayetembea polepole kwenye majani kama mzee anayekagua shamba, huyo ni tandawala. Usimfukuze kwa ajili ya picha.

*Fedha na kibali.* Ofisi za hifadhi zipo Matamba, kwa hiyo mambo ya kiingilio unayamaliza kabla hujafika. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali kwa simu au benki, basi hakikisha simu ina salio na chaji ukiwa bado Chimala. Chukua kitambulisho cha taifa: raia wa Afrika Mashariki hulipa kiasi kidogo sana kulinganisha na wageni. Kinachouma ni mafuta ya gari. Mkiwa watano mnagawana. Ukiwa peke yako ni mzigo.

*Inamfaa* mwenye gari la maana, anayetaka maua ya kweli mvua ikiwa inanyesha, na mwenye wazee au watoto ambao hawawezi kupanda kwa miguu.

Kitulo kupitia Isyonje

*Njia na saa.* Uyole unakata kuelekea Tukuyu, unapita Igawilo na kupanda milima ya Uporoto. Baada ya kama saa moja uko Isyonje, penye magunia ya viazi mviringo yaliyofungwa lumbesa kando ya lami. Unaingia kushoto, na kutoka hapo ni kilomita 33 hivi hadi uwandani kwa barabara inayoelekea Kikondo na Makete. Kiangazi nimekwenda kwa saa mbili na nusu tangu nyumbani. Maana yake ukiondoka saa kumi na mbili unapata saa saba za majani, nyingi kuliko kwa njia ya Matamba.

Safari yenyewe ni nzuri kuliko ile nyingine. Hakuna malori ya Inyala, hakuna joto. Unapita mashamba ya viazi, kabichi na pareto, na mgeni akiona maua yale meupe yenye kitovu cha njano hudhani ameshafika hifadhini. Bado. Utapita pia shamba la mifugo la serikali la Kitulo, ng'ombe weusi kwa weupe kwenye majani yasiyo na mwisho, na hapo watoto watataka kusimama. Simameni.

*Tope.* Hapa ndipo penye shida. Udongo wa huku ni wa volkano, na ukilowa unateleza kama sabuni. Machi moja, tukiwa na mama, tulitoka Mbeya jua linawaka. Kilomita ishirini baada ya Isyonje mvua ikatukuta kwenye mteremko, gari likaanza kwenda upande kwa upole, bila kelele, hadi tairi za kushoto zikalala mtaroni. Vijana wa kijiji walikuja na majembe. Walichimba, tukakata majani ya kuweka chini ya tairi, tukasukuma. Saa nne zilipita. Uwandani tulikaa dakika arobaini, ukungu umefunika kila kitu. Mama hakulalamika hata kidogo, lakini tangu siku ile huniuliza kwanza, "Tunapita kule kwa tope?"

Kwa hiyo kuanzia Januari hadi Aprili, usianze njia hii kabla ya kumpigia mtu aliye Isyonje au Kikondo kumwuliza jana ilinyeshaje. Jana ina maana kuliko leo.

*Mwili.* Sawa na upande wa Matamba, ila bila kona za kuwatapisha watoto.

*Ukimya na maua.* Uwanda ni uleule, maua ni yaleyale. Tofauti ni kwamba barabara hii ni ya watu: bodaboda, magari ya viazi, wachungaji. Ukikaa mita hamsini tu kutoka barabarani utawasikia. Tembea nusu saa na ukimya unarudi.

*Fedha na kibali.* Mafuta ni kidogo kuliko Chimala. Lakini usidanganyike na ukweli kwamba barabara inapita bila wewe kuona geti kubwa. Kupita ni jambo moja, kushuka na kutembea ndani ya hifadhi ni jingine, na hilo la pili lina kiingilio. Wasiliana na hifadhi kabla ya kuondoka mjini mkubaliane utalipaje.

*Inamfaa* mwenye safari ya miezi ya ukavu, au ya mwishoni mwa Novemba na mwanzo wa Desemba, maua yanapoanza na ardhi haijashiba maji. Wiki hizo chache ndizo ninazozipenda mimi.

Kilele cha Mbeya

*Njia na saa.* Hapa gari halikufikishi. Kuna mapito mawili yanayotumika sana: moja linaanzia msitu wa Kawetere kwenye barabara ya Chunya na kufuata mgongo wa mlima, jingine linaanzia kwenye mashamba ya kahawa upande wa Mbalizi, nalo ni fupi lenye mwinuko mkali. Kwa gari kutoka mjini hutumii hata saa moja. Kutembea ndiko kunakokula siku. Mimi kwa mgongo wa Kawetere hutenga saa sita za miguu, kwenda na kurudi, pamoja na kupumzika. Lakini fikiria hivi: sehemu kubwa ya kutembea kwenyewe ni kwenye majani. Ukitoka kwenye misonobari, uko uwandani hadi mwisho.

*Tope.* Viatu vitachafuka, basi. Hatari ya hapa ni radi. Kilele kina zaidi ya mita 2,800 na juu hakuna mti wa kukuzidi urefu. Mvua za huku hupenda kushuka mchana, kwa hiyo kati ya Desemba na Aprili uwe umeshageuka kabla ya saa sita. Ukisikia ngurumo ukiwa mgongoni, shuka upande mara moja, usikae chini ya mti ulio peke yake.

*Mwili.* Mji uko kwenye mita 1,700 hivi, kwa hiyo mapafu yako yana kazi. Kwa kijana mzima ni siku nzuri. Kwa mtoto chini ya miaka kumi na kwa mwenye magoti kama ya mama, hapana.

*Ukimya na maua.* Maua yapo, hasa yale makavu yasiyonyauka ambayo ukiyagusa yanalia kama karatasi, lakini usitarajie zulia la Kitulo. Ukimya wake nao ni mwingine: unauona mji wote chini, paa za bati zinang'aa, magari yanatambaa kwenye barabara kuu, na husikii kitu. Kuna watu ambao hilo linawapumzisha kuliko uwanda usio na dalili ya mtu.

*Fedha na kibali.* Ndiyo rahisi kuliko zote. Ni ardhi ya hifadhi ya msitu, kwa hiyo pita ofisi ya misitu uulize utaratibu, na chukua mwenyeji anayejua njia. Ukungu ukishuka, mapito ya ng'ombe na pito la kilele hufanana.

*Inamfaa* mwenye miguu na asiye na gari, na anayetaka kuamua Ijumaa usiku aende Jumamosi.

Kwa vyovyote utakavyochagua

Beba koti la mvua hata kama asubuhi ni nyeupe. Mtoto aliyelowa kwenye mita 2,600 na upepo hupoa haraka kuliko unavyodhani, kwa hiyo nguo kavu za kubadilisha ziwe kwenye mfuko wa plastiki. Kofia pia, kwani jua la juu huunguza hata kukiwa na baridi. Chakula kipikwe nyumbani. Viazi vya kuchemsha, mayai na chupa ya chai havijawahi kuniangusha. Taka zote zirudi na nyinyi.

Basi, kwa hali yako

Kama ni Februari, kuna bibi au watoto wadogo na mna gari la juu, nendeni kwa Matamba, na muondoke kabla ya jua.

Kama ni wiki za mwanzo wa Desemba na hakujanyesha siku mbili, nendeni kwa Isyonje. Mkiona mawingu meusi mkiwa Igawilo, na gari ni la chini, msibahatishe. Matamba mtakuwa mmeshachelewa, rudini mpange siku nyingine.

Kama ni Julai na mnataka anga safi na kutembea mbali, Isyonje pia inafaa, maua tu yasahauni. Fikeni mapema mkaone sakitu kabla haijayeyuka.

Kama uko peke yako au wawili, fedha ni kidogo na miguu ipo, panda Kilele cha Mbeya.

Kama mnatoka Njombe, Makambako au Iringa, hesabu yote ya Isyonje haiwahusu. Chimala mnaipata kabla ya Mbeya, kateni hapohapo, sasa kwenu ni kushoto.

Kama mmoja wenu anataka maua na mwingine anataka kupanda, msijaribu Kitulo na kilele cha Mtorwi siku moja. Laleni Matamba usiku mmoja; nyumba za wageni zipo.

Na kama asubuhi ya safari mmeamka saa mbili, Kitulo muiache kwa njia zote mbili. Nendeni Kawetere kwa daladala au gari lolote, mpande hadi misonobari inapoishia na majani yanapoanza, mtandike kitenge hapo, mle viazi vyenu, mshuke kabla ya mvua ya mchana.